Taja Kabla ya Kuweka

Ogola hakuwahi kumpa mteja nati isiyomfaa. Alilisema jambo hilo mwenyewe, bila haya, na pale soko la Kibuye hakuna aliyembishia, maana lilikuwa kweli. Mtu alikuja na boliti chakavu ya trekta ya miwa, ametoka nayo Muhoroni ndani ya mfuko wa suruali, akamwonyesha kwa mbali tu. Ogola akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaingiza vidole katika mkebe mmoja kati ya mikebe arobaini, akatoa nati. Ikaingia, ikakaza, mteja akaenda zake.

Shule aliiacha darasa la sita. Kilichomfundisha ni duka la spea la Mzee Gurcharan, pale mjini, alikopanga vyuma kwa miaka tisa. Mzee Gurcharan alikuwa na sheria moja tu, na kwa sheria hiyo hakuwa na mchezo: taja kabla ya kuweka. Ukishika kitu, mdomo useme jina lake kwanza, ndipo mkono ukitie kwenye mkebe wake. Ukiweka kimya kimya, mkebe wote unamwagwa chini na unaanza upya.

"Mkono una haraka," alikuwa akisema mzee. "Jina linaushika mkono."

Ogola alimwaga mikebe mingi kabla ya kuelewa. Alipoelewa, hakusahau tena.

Sasa, mwezi wa kwanza mwaka huu, binti yake Seline alipata nafasi ya chuo kule Maseno, kusomea ualimu wa watoto wadogo. Seline alikuwa na mtoto wa miezi kumi, Jentrix. Baba wa mtoto alikuwa ameenda zake, na jina lake halina kazi katika hadithi hii. Mke wa Ogola alikuwa amefariki mwaka juzi. Ikabaki swali moja mezani: mtoto atakaa na nani Jumatatu hadi Ijumaa, mama akiwa bwenini?

Beldina, dada mkubwa wa Ogola, alikuwa na jibu tayari. Alipiga simu kutoka Pap Onditi, kwao Nyakach.

"Mleteni kwangu. Huku kuna maziwa, kuna watoto wenzake."

"Atakaa hapa," Ogola akasema.

"Na nani?"

"Na mimi."

"Wewe utamfanyia nini mtoto mchanga? Utampaka grisi?"

"Nitamwangalia."

Walibishana hadi simu ikaisha salio. Mwishowe Seline, aliyekuwa katikati yao kama nyama ya mshikaki, akakata shauri. Mtoto akae na babu yake muhula mmoja. Muhula ukiisha, Waya aje amtazame kwa macho yake. Waya ndivyo alivyomwita Beldina, kama Wajaluo wanavyomwita shangazi. Akimwona mtoto amebaki nyuma, amchukue, na Baba asilete maneno.

"Sawa," Ogola akasema. Neno lilimtoka kama jino. Alijua mtoto akienda Pap Onditi, yeye atakuwa babu wa kuonwa Krismasi tu.

Basi akajipanga. Nyuma ya kibanda chake alilaza tairi la trekta, akalitandika magunia na leso mbili, akamtia Jentrix katikati. Tairi lilikuwa na ukuta wa kumtosha mtoto, asitoke wala asiumie. Jirani yake Nabututu, mwanamke aliyeuza uji, alipoliona alicheka hadi mwiko ukamponyoka.

"Mzee Ogola, huyo ni mjukuu au ni spea?"

"Ni mjukuu. Spea ni wewe."

Ogola hakujua watoto wanaongeleshwa vipi. Mkewe ndiye aliyewaongelesha wa kwake, yeye akiwa kazini. Alichojua ni vyuma. Akachagua nati kubwa za magurudumu ya lori, zile ambazo hata mtu mzima hawezi kuzimeza, akazichemsha, akazisugua kwa sabuni hadi zikang'aa. Akachuchumaa kando ya tairi na kumpa Jentrix moja moja, akitaja kipimo cha kila moja kama alivyofundishwa.

"Thelathini. Hii ni thelathini na mbili. Hii thelathini na tatu. Hii pia thelathini na tatu, lakini uzi wake wa ndani, wa kukazia, ni mwembamba."

Jentrix alizipokea zote kwa heshima, akazilamba, akaziacha. Kila nati ilikuwa mgeni. Hakuna iliyomkumbusha nyingine. Ogola alirudia asubuhi na jioni kwa wiki mbili, bila kuruka namba hata moja, na mtoto alimsikiliza vile vile anavyosikilizwa mtu anayesoma matangazo ya vifo kwenye redio.

Siku moja Nabututu, aliyekuwa akikoroga sufuria yake hatua tatu kutoka pale, alichoka kusikia.

"Mzee, mimi nina watoto watano."

"Najua. Wanakunywa uji wangu kabla sijafika."

"Hakuna hata mmoja niliyemwambia huu ni uji wa wimbi, huu wa mtama, huu wa mtama uliochachushwa. Niliwaambia uji. Huyo hajui hata nati ni nini, na wewe unamuuliza uzi."

"Kazi yangu ni namba."

"Kazi yako ni namba. Kazi yake ni kunyonya. Mpe neno moja."

Ogola alikasirika. Siku mbili hakununua uji kwake, akaenda kununua wa upande wa pili, nao ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea. Siku ya tatu alirudi, akanywa. Jioni ile alipochuchumaa kando ya tairi, aliokota nati kubwa na kusema, "Nati." Akaokota iliyo ndogo kuliko hiyo. "Nati." Akaokota ya shaba, ya manjano, isiyofanana na zile kwa rangi wala kwa uzito. "Nati."

Mtoto akaacha kulamba. Akaitazama ile ya shaba. Kisha akainamisha kichwa, akazitazama zile mbili zilizokuwa mapajani mwake.

Ogola alibaki amechuchumaa hadi miguu ikafa ganzi.

Alikuwa amewaona mafundi wengi wakitazama hivyo. Ndivyo mtu anavyotazama akilinganisha.

Kuanzia hapo aliingia kazini kweli. Akagundua mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Akimpa Jentrix kitu kipya huku amenyamaza, mtoto alikipeleka mdomoni, basi. Akimpa kitu kilekile na kukitaja, mtoto aligeuka kuangalia vile vingine vilivyoitwa hivyo, kama anayeuliza, na huyu pia ni wenu? Ogola aliwaza juu ya hilo akiwa amelala chali kitandani. Alifikiria mgeni anayeingia boma la watu huko Nyakach. Ukimwona tu, ni mtu. Akitaja ukoo wake, unajua akae wapi na nani. Mtoto naye alikuwa akipokea wageni mchana kutwa, na jina ndilo lililomwambia ukoo.

Baada ya nati akamtajia vifuniko. Hivi aliviokota kila mahali: kifuniko cha rejeta ya lori, cha tangi la mafuta, cha jerikeni, cha sufuria ya Nabututu. Vyuma, plastiki, bati, vya kubana na vya kuzungusha, vyote akaviita neno moja, kifuniko. Akamwekea kasuku kubwa ya plastiki, ile ndoo ya mafuta ya kupikia, na kumwonyesha jinsi ya kutia. Taja kabla ya kuweka. Ogola alitaja, Jentrix aliweka. Kufikia mwezi wa tatu, ukimwambia alete kifuniko, alitambaa kati ya nati na spana na maganda ya ndizi, akaleta kifuniko.

Tatizo lilikuwa moja. Hakusema neno. Mtoto wa muuza viatu, mwenye miezi kumi na mmoja, alikuwa akiita mama na baba na hata jina la paka. Jentrix alitimiza mwaka kimya. Akatimiza miezi kumi na mitatu kimya. Muhula nao ukaisha.

Beldina alifika nyumbani kwa Ogola, Manyatta, Jumamosi saa nane mchana. Yeye ni Msabato, na alikuwa ametoka kusali kanisa la mjini. Sokoni hakutaka hata kutajiwa, siku ya Sabato haendi. Kichwani alikuwa na kofia ya kanisani, nyeupe, ya duara, ngumu kama sahani ya bati, yenye utepe wa zambarau. Aliketi kwenye kiti kizuri, akaweka kikapu miguuni, akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Amenona," akasema.

"Anakula," Ogola akajibu.

"Anasema nini?"

"Bado hasemi."

"Hata mama?"

Seline, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama chini. "Hata mama, Waya."

"Mnaona basi. Mtoto anasikia nyundo mchana kutwa, ataongea lugha ya nani?" Beldina hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunga kikapu. "Seline mwanangu, leta nguo zake. Basi la Nyakach la saa kumi na moja halimngojei mtu."

Seline alimtazama baba yake. Walikuwa wamekubaliana. Ogola naye alikuwa mtu wa neno lake.

"Hasemi," akasema polepole. "Lakini anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua kitu ni cha ukoo gani."

Beldina akacheka. Ogola alileta kasuku, akamwaga vifuniko na nati kwenye mkeka, akamwambia mtoto alete kifuniko. Jentrix akaleta. Akaleta tena. Akaleta vyote tisa, nati hakugusa.

"Hivyo amezoea," Beldina akasema. "Hata ng'ombe wangu anajua ndoo yake. Hiyo ni mazoea."

Maneno hayo yalikuwa na ukweli, na Ogola hakuwa mtu wa kubishana na ukweli.

"Basi toa vya kwako," akasema. "Vya ndani ya kikapu. Hajawahi kuviona tangu azaliwe."

Beldina alisita, kisha akaanza kutoa. Kitana. Miwani. Funguo za nyumba. Mwiko mpya. Kifuniko cha chupa yake ya chai, kile kinachogeuzwa kikombe, chekundu. Kifuniko cha mafuta ya kujipaka, kipana, chenye maua. Mwisho akachomoa gunzi la mahindi lililoziba kibuyu kidogo cha maziwa aliyomletea mtoto. Kibuyu akakishika mkononi, gunzi akaliweka pamoja na vile vingine.

"Hilo ni la kumtega," akasema.

"Haya."

Seline akapiga magoti mkekani na kuvichanganya. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliye kazini. "Baba, kaa nyuma yake. Usielekeze kwa macho. Na kwanza usitaje kitu. Mwambie tu alete."

"Kwa nini?"

"Tuone akikosa jina anafanya nini."

Ogola alimtazama binti yake kwa mshangao, akaketi nyuma ya mtoto. "Jentrix. Leta."

Jentrix aliangalia vitu. Akachukua kitana, akakitafuna.

"Mmeona," Beldina akasema.

"Ngoja, Waya." Seline akarudisha kitana, akavichanganya tena. "Sasa taja."

Ogola alifunga macho. Alitamani kupaza sauti, alitamani kurudia mara kumi, lakini Mzee Gurcharan alitaja mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kwa hiyo naye akataja mara moja.

"Jentrix. Leta kifuniko."

Mtoto alikaa. Alitia kidole gumba mdomoni. Nje, mtu alipita akiuza visamaki vya omena, akapiga kelele yake, akaishia mbali. Jentrix aliangalia mkeka, kutoka kona hii hadi ile. Ogola alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alishaanza kufikiria nguo za mtoto ziko kwenye kamba gani.

Kisha kidole kikatoka mdomoni. Jentrix akatambaa, akaupita mwiko, akazipita funguo zilizokuwa zikimetameta, akakishika kile kifuniko chekundu cha chupa ya chai. Akakigeuza. Akarudi nacho, akakitia ndani ya kasuku. Kikalia, *kong'*.

Mtoto mwenyewe alirudi bila kutumwa, akachukua kile chenye maua. *Kong'*.

"Gunzi ameliacha," Beldina akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ameliacha," Ogola akakubali. "Sijamtajia."

Hapo ndipo ilipotokea ile habari iliyozungumzwa baadaye hadi Pap Onditi. Jentrix hakuwa amemaliza kazi. Alizungusha macho chumbani kama mwenye duka anayetafuta kilichosahaulika kwenye rafu. Akatambaa hadi kwenye kiti kizuri, akashika sketi ya Beldina, akajivuta, akasimama. Beldina akafurahi, akadhani mtoto anataka kubebwa, akainama amchukue. Jentrix akanyoosha mikono yote miwili, akaishika ile kofia nyeupe ya kanisani, akaing'oa.

Akashuka chini nayo. Akatambaa huku akiiburuta kwa utepe. Akaitia ndani ya kasuku, haikutosha, akaikandamiza kwa kiganja.

Seline aliangua kicheko hadi akalala ubavu mkekani. Beldina alibaki amejishika kichwa, nywele zake za mvi zimesukwa upande mmoja tu, maana upande wa pili hakuumaliza, alijua kofia itaficha.

"Hicho si kifuniko," akasema.

"Kinafunika nini?" Ogola akauliza.

Beldina alijaribu kuzificha nywele kwa viganja.

"Dada, nakuuliza. Kinafunika nini?"

"Kichwa," Beldina akasema.

"Basi."

Ogola hakucheka. Nati na vifuniko alimfundisha yeye, kimoja kimoja. Kofia hakuna aliyemfundisha. Hilo mtoto alilitengeneza mwenyewe, ndani ya kichwa kile kidogo, kwa neno alilopewa na babu yake.

"Mwalimu wetu alituambia haya," Seline akasema, akijifuta machozi. "Kwamba mtoto akisikia jina moja juu ya vitu vingi, anaanza kutafuta vinafanana wapi. Hata kabla hajaweza kusema. Na kila kimoja ukikipa jina lake, anavishika kila kimoja peke yake. Tuliandika kwenye daftari. Mimi nikaandika tu."

"Mwalimu wako ana mikebe mingapi?" Ogola akauliza.

"Baba."

"Nauliza tu. Siku akitaka, aje Kibuye."

Beldina alikuwa bado anamtazama mtoto. Alikuwa mwanamke mkali lakini hakuwa mwongo, na hiyo ni tabia ya ukoo ule. Hakuuliza tena habari za nguo. Alishuka kutoka kwenye kiti kizuri, akaketi mkekani na gauni lake la kanisani, akaokota lile gunzi. Akaziba kibuyu mbele ya macho ya Jentrix, taratibu.

"Kifuniko," akasema. Akachomoa. Akaziba tena. "Kifuniko."

Jentrix alitazama gunzi. Akatazama kasuku. Akatazama gunzi tena, na uso wake ukawa kama wa mteja aliyeuziwa kitu asichokiamini. Kisha akanyoosha mkono, akalichomoa mwenyewe, akaenda akalitia juu ya kofia.

"Mwezi ujao nitakuja na vibuyu," Beldina akamwambia ndugu yake, bila kumtazama. "Na vyungu. Huku mnamlisha vyuma tupu." Akavuta kikapu chake. "Na mniombee kofia yangu. Basi linaondoka."

Kumfanya mtoto aiachie kulichukua robo saa.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mwanamume ambaye Ogola hakumfahamu alifika kibandani Kibuye. Alitafuta kifuniko cha rejeta ya pikapu. Alipokuwa akingoja, alimwona Jentrix ndani ya tairi, akatabasamu.

"Kumbe ni huyu? Mimi natoka Pap Onditi. Watu pale sokoni wanasimulia habari za mjukuu wa mama mmoja. Wanasema mtoto wa mwaka mmoja alimvua mchungaji kofia mbele ya kanisa zima, akalitaja neno kifuniko kwa sauti. Wanasema huyo mama ndiye aliyemfundisha."

Nabututu aliacha kukoroga ili asikie jibu.

Ogola angeweza kuiacha. Habari ilikuwa tamu zaidi hivyo. Lakini hakuwahi kumpa mteja kitu kisichomfaa, hata habari.

"Si mchungaji, ni dada yangu," akasema. "Kanisani haikuwa. Na hasemi, bado. Alimvua tu. Gunzi ndilo alilofundishwa na dada. Vingine ni mimi. Na neno moja ni la huyu mama wa uji."

"Angalau amenitaja," Nabututu akaiambia sufuria yake.

Ogola akageukia tairi. "Jentrix. Leta kifuniko."

Mtoto akapekua kasuku yake, akachukua muda wake, akasimama akishika ukuta wa tairi. Alichomletea kilikuwa cha jerikeni, cha plastiki, cha manjano. Alikishika juu kabisa, mkono umenyooka, kama anayepokea cheti.

Mteja akacheka. "Hiki hakiingii kwangu, Mzee."

"Hakiingii," Ogola akasema. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mezani, mahali pa wazi ambapo kila apitaye angekiona. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akatoa kile cha rejeta. "Lakini ni kifuniko. Ukoo ameujua. Namba nitamfundisha baadaye."